Mahindi ya Mabegani

Mke alikuwa akimkanda mumewe mgongo kwa kitambaa cha maji ya moto alipogusa kitu chenye ncha karibu na shingo.

"Ni jipu?" mume aliuliza.

"Ni mahindi. Yameota."

Wiki iliyopita mto ulifurika ukapita na shamba lao zima, shamba la kukodi, ukaacha tope tupu. Bima hawakuwa nayo. Wakala alishawaambia kwamba shamba la bondeni halikatiwi bima. Sasa serikali ilikuwa imetangaza msaada kwa wakulima wa namna yao, mradi mkulima asiwe amebakiwa na zao lolote. Bila msaada hakuna mbegu, na bila mbegu mwenye ardhi angempa shamba mtu mwingine.

"Yang'oe," mume alisema.

Mke aliyang'oa, mume amekaza meno. Asubuhi yalikuwa yamerudi, marefu zaidi. Siku ya ukaguzi yalikuwa yameshampita masikio. Mama mkwe alipita na ndoo, akayatazama, akasema, "Mwanangu, yamebanana. Yapunguze." Kisha akaenda zake kuteka maji.

Mkaguzi alikuja jua likiwa kali. Mume alimpokea amevaa koti la baridi, mabua yamekunjwa ndani, kola imesimamishwa. Jasho lilimtiririka, na mke hakujua aiweke wapi mikono yake. Mkaguzi, mtu mpole mwenye viatu vilivyojaa tope, alilizunguka shamba akitikisa kichwa.

"Poleni sana. Hapa hapana kitu."

Mke akashusha pumzi. Ndipo mbuzi wa jirani alipomjia mume kwa nyuma, akavuta jani lililochungulia chini ya koti, akalitafuna taratibu.

"Naomba uvue koti, mzee," mkaguzi alisema.

Mume akavua. Mabua yakanyooka, yakapata upepo.

"Haya ni mahindi."

"Ni mgongo wangu, bwana."

"Mgongo siukatai. Lakini zao limesimama, tena lina afya."

"Vibua vyenyewe hivi, baba!" mke alisema. "Vitamlisha nani?"

"Mama, siulizwi vitamlisha nani. Naulizwa vipo au havipo. Jana kuna bibi kule juu ameotwa na mpunga kichwani. Naye nimemkatalia, na analea wajukuu."

Alisema hivyo kwa huzuni ya kweli, akaomba maji ya kunywa, akashukuru, akaondoka.

Shamba lilichukuliwa. Wakahamia chumba cha uani kwa mama mkwe. Kila asubuhi mume alisimama juani, kwa kuwa kivulini majani yalinyauka na yeye akashikwa na kizunguzungu. Alilala kifudifudi, mke akimfukuzia panya. Mahindi yakakomaa.

Ndipo akaja msimamizi wa mwenye ardhi, gunia mkononi.

"Mbegu zilitoka kwenye udongo wa bosi," alisema. "Nusu ni yake."

"Nani kakwambia tuna mahindi?" mke aliuliza.

"Serikali imeshathibitisha."

Mume aliketi kwenye kigoda, akainamisha kichwa. Mke alimshika mikono yote miwili, maana kila hindi lilitoka na uchungu wake. Msimamizi alivuna bega la kushoto, kwa adabu, akamwomba ageuke kidogo, kwani jua lilikuwa likimpiga yeye machoni.