Daftari la Vipande

Tik. Tik. Alfajiri, umeme ukiwa umekatika, fundi cherehani alikuwa akipapasa kasha la bati, na pini za daftari lake la oda zikagonga kifuniko.

Kila nguo aliyoshona kwa miaka sita ilikuwa na ukurasa wake: vipimo, malipo, na kipande cha kitambaa kilichobanwa kwa pini, ili mteja akirudi kutaka kiraka, rangi isimpige chenga. Leo daftari hilo lilikuwa limthibitishie hakimu kwamba aliwahi kuwa na pesa.

Alimkopesha mdogo wa mumewe akiba yote ya kununulia kiwanja. Shemeji akampa hundi. Benki ikaikataa, akauntini hamkuwa na kitu. Mahakamani shemeji hakukana sahihi yake. Alisema hundi aliiacha kama dhamana tu, mkopo wenyewe hakupewa.

"Shemeji yangu huyu anashona viraka," alisema, akitabasamu kama anayemsifu. "Namheshimu sana. Lakini pesa zote hizo azitoe wapi, jamani?"

Watu wakacheka. Ulimi huohuo wa shemeji ndio uliolamba kidole mezani kwa fundi, akihesabu mkopo noti baada ya noti, huku ukimwita "mama yetu" na kuomba chai iongezwe sukari.

Wakili wa shemeji alilishika daftari kwa ncha za vidole, kama kitambaa chenye kamasi. "Hili, mama, si umeliandika juzi?"

"Mheshimiwa, naomba utazame pini," fundi alimwambia hakimu. "Zimeshika kutu mpaka karatasi imetoboka. Kutu hiyo si ya juzi."

Hakimu akafunua taratibu. Sare za shule, mashati mia mbili. Mapazia ya nyumba ya wageni. Akafika kwenye kipande cha kijivu chenye mistari myembamba myekundu, akaliinua daftari kwenye mwanga wa dirisha.

Shemeji akakunja mikono kifuani, kama aliyeshikwa na baridi ghafla. Fundi akamtazama kifuani. Kumbe mtu alikuja kumdhalilisha akiwa ndani ya kazi ya mikono yake.

Binti yake wa miaka mitano, aliyekuja naye kwa kukosa wa kumwachia, akasimama juu ya benchi na kunyoosha kidole.

"Baba mdogo amevaa kitambaa hicho."