Kitovu cha Chance

Kabla hakujapambazuka, mfuniko wa sufuria ulikuwa ukigongagonga juu ya makaa. Clotilde alichovya kitambaa katika maji yale ya moto, akaendelea kumkanda mjukuu wake miguu. Exaucée alikuwa na miaka saba na ugonjwa wa damu wa selimundu, ule wanaouita SS, na wiki nzima maumivu ya mifupa yalikuwa hayajamwacha alale.

Mchana Dokta Mwila akafika kwa miguu mtaani kwao Kamalondo kumwona mtoto, viatu vimejaa vumbi jekundu. Daktari huyu wa watoto alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya tiba mpya, na miezi mitano nyuma, kule kliniki, aliwaeleza akina mama kwamba chembe changa zinazozaa damu za mtu mwenye afya zinaweza kupandikizwa kwa mgonjwa, zikamtengenezea damu nyingine. Zimo hata katika damu ya kitovu, alisema.

Clotilde alikuwa ameshika neno hilo moja, kitovu. Akavuta kopo la maziwa kutoka chini ya kitanda. Ndani, katika kitambaa, mlikuwa na kitovu cha Chance, mdogo wake Exaucée. Kwa desturi, kilipoanguka kilipaswa kuzikwa siku ileile. Yeye akakificha miezi minne, hata mama wa mtoto asijue.

"Nilikichunga, Dokta. Iko ya ndugu yake."

Dokta Mwila alinawa mikono kwanza, ndipo akafunua kitambaa taratibu. Hakucheka.

"Kambo," akamwita bibi kwa heshima, "hii ilikauka. Ile damu banaikamata saa ileile mutoto anazaliwa, ikingali na uzima."

Kila asubuhi mkono wa Clotilde ulikuwa ukipapasa kopo lile. Sasa haukujua uende wapi.

Daktari akaketi chini mkekani, karibu naye. Alimweleza kwamba Chance mwenyewe bado yupo, na uboho ulio ndani ya mifupa yake, wenye chembe zilezile, huenda ukapatana na wa dada yake. Kwa ndugu wanne, labda mmoja hupatana. Watampima. Tiba yenyewe iko mbali, itahitaji barua nyingi na safari, naye hakutaka kuahidi asichoweza.

Kisha akachukua jembe, maana aliona mgongo wa Clotilde ulivyopinda, akachimba shimo dogo nyuma ya nyumba. Wakakizika kitovu pamoja.

Exaucée alikuwa amejikokota hadi mlangoni, ameshika ukuta.

"Dokta," akasema, "utakuya tena kutuona?"

"Nitakuya," akajibu Dokta, "kumupima Chance."