Mlango Usio na Marehemu

Kwa Zornitsa, mjane wa miaka thelathini na minne, jambo lilikuwa moja tu: mashine ya kuchora aliyoifundisha kazini ikichora mlango mtupu kufikia Ijumaa, atahamishiwa ofisi ya kampuni katika mji wa mbali wa Varna, na hatalala tena nyumbani kwa mama mkwe.

Mashine ilifundishwa kwa picha za mitaa ya Gabrovo, mjini kwao Bulgaria. Kila picha ilimwagiwa chenga, zile za televisheni iliyokosa mawimbi, kidogo kidogo mpaka isionekane kitu. Mashine ikajifunza kuziondoa, ikiongozwa na maneno yaliyoandikwa chini ya picha. Ilipoiva, ukiipa chenga tupu na neno "mlango", inazichambua kama mtu achambuavyo mchele, hadi mlango unatokea. Na ilitokea kweli milango. Ila kila mmoja ulikuwa na karatasi yenye sura ya mtu.

"Wateja wanauliza hawa ni akina nani," alisema bosi wake, Lyuben.

"Si marehemu? Mlango gani hauna marehemu?"

"Ndivyo ulivyoifundisha! Picha elfu nne umeandika 'mlango', 'mlango', karatasi hukuitaja hata mara moja. Itajuaje kuwa hiyo si sehemu ya mbao?"

Zornitsa akaona haya. Mgeni asingelifanya kosa lile; yeye, kama kila mtu wa Gabrovo, alikuwa ameyazoea matangazo ya msiba, yenye picha ya marehemu, ambayo kila familia huyabandika mlangoni, kiasi cha kutoyaona.

"Andika upya yote, na uniletee picha za milango mitupu. Anza na wako, dada."

Wake! Stoimen, mumewe, alikuwa pale mlangoni, karatasini, mwaka wa tatu. Kila miezi sita mama mkwe alimbandika upya. Mchana ule Zornitsa alikwangua kwa kucha. Chini ya Stoimen akatokea Stoimen mwingine, na chini yake mwingine, wote wakitabasamu vilevile. Alikwangua hadi akaifikia mbao.

Mlango ukafunguka.

"Mwanangu unampeleka wapi?" aliuliza Bi Penka, mama mkwe.

"Nataka picha tu, mama. Ya kazi."

Kikongwe akautazama mlango, kisha mkwewe. "Haya, mtoe. Na wewe nenda zako. Sina tena nguvu za kukushikilia."

Ruhusa aliyoingoja miaka mitatu ndiyo hiyo. Simu ilikuwa mkononi, kazi ilikuwa kubonyeza tu. Zornitsa akaukodolea macho ule mlango mtupu, na hakuutambua; ulikuwa mlango wa nyumba ya watu. Akaitia simu mfukoni, akaokota vipande vya Stoimen.

"Mama," akasema, "gundi iko wapi?"