Skrubu ya Kijani

Kwa siku tatu mfululizo wanawake wa chumba cha pasi waligombana kwa sababu ya mzimu. Wa meza namba mbili aliapa kwamba wa meza namba saba ana kijicho, maana kila huyo akinyanyua pasi yake, yeye wa namba mbili ndiye anayeumwa na umeme, tena huko mbali karibu na sinki.

"Mimi hata sijamtazama!" alijitetea wa namba saba. "Nanyoosha kola za sare za watoto wa watu, nakujaje kukuuma wewe?"

Huyo wa namba saba alikuwa wifi yake fundi wa umeme wa karakana hiyo ya kushona. Fundi mwenyewe, ambaye bado alikuwa akisomea kazi hiyo jioni, wanawake walimwita Mama Bisibisi, kwa sababu bisibisi haikutoka kwenye mfuko wa aproni yake hata alipokuwa akinywa chai.

"Wifi, nisaidie," alisema wa namba saba. "Wameshaanza kuniita mchawi. Na uchawi wenyewe ungekuwepo, ningeanza na kaka yangu aache kukoroma, upate usingizi."

Mama Bisibisi alitaka kucheka, lakini kicheko hakikuja. Paneli ya umeme ya chumba kile aliifunga yeye, kwa mikono yake, wiki mbili tu zilizopita.

Aligusisha waya mmoja wa mita yake ya kupimia umeme kwenye bomba la maji na mwingine kwenye meza ya chuma namba mbili. Mita ikasoma sifuri.

"Haya wifi, inyanyue. Shika mpini tu, usiguse chuma."

Pasi namba saba ilipopita usawa wa bega, mita iliruka. Volti mia mbili na kumi.

"Shusha! Shusha taratibu."

Ikarudi sifuri. Aliichomoa pasi ile na kuigeuza. Chini ya mpini, pale waya unapokunjwa mara elfu kwa siku, ganda lilikuwa limeliwa na shaba ilikuwa ikichungulia, ikigusa mwili wa pasi kila waya ulipojikunja. Kwa hiyo pasi moja mbovu ilitia umeme kwenye meza zote. Wifi yake hakuumwa kwa sababu alivaa ndala za mpira na kushika mpini wa plastiki. Wa namba mbili alisimama miguu mitupu kwenye sakafu yenye majimaji ya sinki. Leo alishtuka tu. Kesho je, akiwa amelowa mikono yote miwili?

Alimkimbilia fundi mkuu, ambaye kila mtu alimwita Bwana Tayari, kwa kuwa kwake hakuna kazi iliyowahi kuwa bado.

"Swichi ya paneli imekata?" Bwana Tayari aliuliza bila kuinua macho kwenye karatasi zake.

"Haijakata."

"Basi hakuna hitilafu. Ikiwepo hitilafu, swichi hukata. Hilo hata mwanao wa miaka mitatu analijua."

"Ndiyo shida yenyewe, bosi. Ilipaswa kukata na haikukata. Haina habari!"

"Swichi haina habari." Alirudia polepole, kama anayeonja chumvi. "Darasa lenu la jioni mnafundishwa mashairi, siku hizi? Lete hiyo pasi."

Akaizungushia utepe mweusi mara tatu, akaupigapiga kwa kidole gumba. "Tayari. Rudisha mezani. Mzigo unaondoka saa kumi."

Mama Bisibisi alirudi na pasi mkononi. Laiti ugonjwa ungekuwa wa pasi ile peke yake! Lakini pasi zilikuwa saba, na waya huchakaa. Akiiondoa hii leo, wiki ijayo itakuwa namba tatu, na swichi itakaa vilevile imenyamaza kama jiwe. Alijua pia ni mkono gani unaomsainia kitabu cha mafunzo ya kazi. Ulibaki ukurasa mmoja tu ili aruhusiwe kufanya mtihani wa mwezi ujao, na mkono huo ndio uliozungusha utepe.

Akasimama mbele ya paneli na kuanza kufikiri. Umeme unaovuja hutafuta njia ya kurudi kwenye transfoma. Ukiipata, unarudi kwa kishindo, na swichi inakata papo hapo. Njia hiyo hufanywa kwa kuunganisha waya wa kurudi, yaani nyutro, na mwili wa chuma. Mwalimu wa jioni aliwaimbisha: mahali pamoja tu, ama kwenye transfoma ama kwenye paneli, kamwe si kote kuwili. Paneli hii ilitoka kiwandani na skrubu ya kijani ya kufanya kazi hiyo. Mchoro ukasema kiungo kitawekwa kwenye transfoma. Naye, mwanafunzi mtiifu, akaitoa skrubu. Ikaenda nyumbani mfukoni mwa aproni, binti yake akaiona, akaipenda. Sasa huilaza kila jioni ndani ya kibiriti na kuifunika kipande cha kitambaa.

Alimpigia simu fundi aliyefunga transfoma.

"Dada yangu!" yule bwana alipayuka. "Mimi nilikuja siku mbili kabla yenu. Paneli ilikuwa sakafuni, nikachungulia, nikaona skrubu ya kijani imo. Nikajua kiungo kiko upande wenu. Nisingeweka cha pili, sheria ni mahali pamoja tu!"

"Nami niliitoa skrubu kwa ajili ya kiungo chako."

"Sasa kiko wapi?"

"Kiko kwangu, kaka. Kimelala kwenye kibiriti."

Wote wawili walikuwa wameifuata sheria, na ndiyo maana hapakuwa na kiungo hata kimoja. Waya za kijani zilizikusanya meza zote saba hadi kwenye paneli, na kutoka hapo hadi kwenye mwili wa transfoma, zikaishia hapo bila kuigusa nyutro. Mabomba ya waya yalikuwa ya plastiki na transfoma ilikalia vipande vya mpira ili isitikise sakafu. Aliyevuja mmoja aliwapaka wote, mfano wa samaki mmoja akioza.

Alirudi kwa Bwana Tayari. "Naomba dakika ishirini tu. Nizime, nifungue transfoma."

"Jumamosi."

"Leo Jumanne, bosi!"

"Ndiyo maana nikasema Jumamosi. Na kitabu chako pia Jumamosi, ukitulia."

Akatoka akiwa ameuma meno hadi masikio yakauma. Kutulia! Mtu anakuonyesha nyumba inawaka, unamwambia atulie.

Saa ya chakula wanawake walitoka mmoja mmoja, na chumba kikabaki na harufu ya nguo moto. Mama Bisibisi hakumuuliza mtu tena. Alizima swichi kuu, akaitia kufuli lake mwenyewe, ufunguo akautumbukiza kifuani. Akapima kwa mita kila ncha, mara mbili, kisha akaenda chumba cha nyuma na kufungua kifuniko cha transfoma. Ilikuwa transfoma kavu, ile isiyo na mafuta, safi kama ilivyotoka dukani. Waya wa kutoka kwenye nyutro ulishuka vizuri hadi kwenye nguzo ya chuma ya jengo. Lakini upande wa ndani, umefungwa kwa uzi, ulining'inia mfuko mdogo wa plastiki wenye ukanda wa shaba, kile kiungo chenyewe, na bolti zake. Haukuwa umefunguliwa.

Alikuwa akikwangua rangi kwa msasa, maana shaba ikikalia rangi ni kama haikufungwa, mlango ulipopigwa teke.

"Nani amezima?"

"Mimi. Ufunguo ninao, na hapo ulipo huwezi kuufuata."

Bwana Tayari aliuona ule mfuko. Akainama. Akaushika.

"Mwongo yule wa transfoma. Aliniambia tayari."

"Na kwenye paneli niliitoa skrubu mimi. Sikuja huku kuhakikisha. Kosa ni letu sote."

Bwana Tayari alisimama akitazama saa ya ukutani huku Mama Bisibisi akikaza bolti, na kila alipokaza, bwana yule alipumua kwa nguvu kana kwamba ndiye anayekazwa.

Umeme ulirudi dakika tatu baada ya wanawake kuingia. Pasi zikapata moto. Wifi yake akanyanyua namba saba, ile ya utepe, ikapita usawa wa bega.

Pa!

Swichi ikakata. Pasi zote zikazima.

"Jamani!" alipiga kelele wa namba mbili. "Mama Bisibisi ameua umeme!"

"Tangu asubuhi ulikuwa haukatiki!"

"Unaona sasa?" alisema Bwana Tayari, na sauti yake ilikuwa na raha. "Umeleta hitilafu."

Mama Bisibisi alihisi machozi ya hasira yakimchoma macho. Siku nzima swichi iliyolala ilisifiwa, sasa imeamka, analaumiwa aliyeiamsha.

"Ndiyo kazi yake!" alifoka. "Zamani ilikuwa inawaacha mfe! Hitilafu ni hiyo, imo kwenye huo utepe!"

Akaichomoa namba saba, akawasha swichi. Ikakaa. Pasi sita zikaanza kupata moto. Akashusha tena mita kati ya bomba na meza: sifuri. Wifi yake akavua ndala, akavuka majimaji ya sinki, akaweka kiganja kizima juu ya meza namba mbili.

"Kimya," alisema. "Haya, mzimu kahama. Nani anaanza kuniomba radhi?"

Wa namba mbili aliguna, akamsogezea nusu ya meza yake wanyooshe pamoja.

Jioni, Mama Bisibisi alimwekea Bwana Tayari kitabu mezani. Bwana Tayari alisoma, kidole chake kikasimama kwenye mstari wa mwisho: *Nilitoa skrubu bila kuhakikisha upande wa pili; fundi mkuu aliarifiwa, akasema Jumamosi.*

"Futa huu, nisaini."

"Sifuti, bosi."

"Basi uje nacho Jumamosi."

"Jumamosi tena!"

Bwana Tayari aliichukua pasi namba saba, utepe ukiwa umeungua na kuning'inia, akaibana kwapani na kwenda nayo stoo. Kitabu alikiacha wazi mezani bila kusaini, na kalamu yake juu yake.

Wifi yake alikuwa akimngoja langoni. "Kwa hiyo mtoto atanyang'anywa skrubu yake?"

"Mwache alale nayo," alisema Mama Bisibisi. "Huku ikirudi, viungo vitakuwa viwili."