Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Mama Rangi alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi ya kupaka nyumba za watu, na ukuta wa kumshinda alikuwa bado hajauona. Unyevu aliujua, chumvi inayochipuka kwenye plasta aliijua, hata moshi wa jikoni uliogeuka gundi aliujua. Ndiyo maana muuguzi mmoja alipompa ufunguo wa nyumba ya marehemu mama yake na kumwambia, "Nataka kuhamia mwisho wa mwezi, dada. Nifanyie iwe kama mpya," hakuwa na maswali mengi.

Sebule na ukumbi vilimchukua siku nne. Siku ya tano aliingia chumba cha nyuma, alimokuwa akilala marehemu. Kuta tatu hazikumsumbua: tabaka mbili tatu za rangi, kisha plasta. Lakini ukuta wa nne, pale kando ya mlango, ulikuwa na kipande chenye upana wa watu wawili waliosimama bega kwa bega, na hapo rangi ilikuwa nene kama soli ya kiatu. Krimu, kijani, buluu, krimu tena. Alihesabu tabaka ishirini akachoka. Aliyepaka hakuwa fundi; brashi ilikwenda upogo kama ya mtu mwenye haraka.

"Mama wa watu, ulikuwa unagombana na nini hapa?" alisema peke yake, akacheka kidogo.

Alipomaliza kukwangua, chini kabisa ya tabaka zile, usawa wa paja lake, akakuta mistari miwili mifupi ya penseli, mmoja kando ya mwingine. Akaipiga msasa ikatoka. Akaziba nyufa, akapaka rangi ya kwanza nyeupe, akafunga nyumba, akaenda zake.

Asubuhi mstari ulikuwepo. Mmoja tu, upande wa kulia, na sasa ulikuwa usawa wa kiuno. Mama Rangi alipitisha kidole juu yake na kidole hakikushika kitu. Rangi ilikuwa laini tu, imekauka vizuri. Mstari ulikuwa chini yake. Akazunguka kukagua madirisha. Yote yalikuwa yamefungwa. Ufunguo ulikuwa mmoja, na ulilala kwenye pochi yake.

Akapaka tena, safari hii mkono mzito. Kesho yake mstari ukawa usawa wa kifua. Akaweka kiganja pale, akakiondoa haraka. Ukuta mzima ulikuwa baridi, ila hapo palikuwa na joto, joto la mahali mtu alipoegemea akaondoka sasa hivi.

Hakupiga kelele. Alikwenda kukaa kwenye ngazi ya nje, juani, akampigia muuguzi simu.

Muuguzi alifika moja kwa moja kutoka kazini, sare ikiwa bado mwilini. Aliutazama ukuta kwa muda.

"Mama alikuwa anaupaka mwenyewe," alisema. "Kila mwaka, mara tu baada ya siku yangu ya kuzaliwa. Ukimuuliza anakwambia ni unyevu."

"Unyevu hauchori, dada yangu."

"Na hakuwahi kunipima kimo. Hata sare ya shule nilipelekwa kwa fundi, yeye akabaki nje."

Akampigia mjomba wake, kaka wa marehemu, akaweka simu kwenye spika. Mzee yule hakungoja kusikia zaidi ya neno "mistari".

"Mlizaliwa wawili," alisema. "Mwenzio alikuwa wa kiume. Homa ilimchukua mkiwa na miaka miwili. Mama yenu alikuwa amewapima ukutani wiki hiyohiyo. Baada ya mazishi baba yako akapaka pale, mama yenu asiione mistari. Mwaka uliofuata mama yako akaniita nije nitazame. Nilitazama mara moja, mwanangu. Sijaingia chumba hicho tena."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alisema ukijua, utaanza kumsubiri."

Muuguzi alikata simu. Alivua viatu, akasimama ameupa ukuta mgongo, visigino vimeshika sakafu, upande wa kushoto. "Nipime," alisema. Sauti ilikuwa ya kawaida, lakini mikono aliificha nyuma. Mama Rangi akamwekea rula kichwani, akachora.

"Usipake tena," muuguzi alisema. "Tumwache afike."

Siku iliyofuata walifungua mlango pamoja. Upande wa kulia, juu ya mstari wa penseli wa Mama Rangi, kulikuwa na mstari mwingine. Muuguzi alipima tofauti kwa vidole.

"Vinne," alisema. Akacheka, kisha akafunika mdomo. "Amenizidi vidole vinne."

Mama Rangi alisubiri siku tatu zaidi. Mstari haukusogea. Lile joto nalo likapungua, hadi ukuta ukawa ukuta. Akapaka chumba chote rangi ya maziwa, ila kile kipande alikipitishia vanishi isiyo na rangi, taratibu, bila kusugua.

Siku ya kukabidhi nyumba, mjomba alikuja. Alisimama mlangoni kitambo, kisha akaingia akiwa ameshika kofia mkononi. Aliusogelea ukuta, akanyoosha mkono wake mrefu hadi kwenye ule mstari wa juu, akaacha kidole hapo.

"Kimo cha baba yenu," alisema. "Kijana hajapungua hata kidogo."

Kisha akaketi kwenye ndoo ya rangi iliyofunikwa, muuguzi akapiga magoti kando yake. Mama Rangi alikusanya brashi zake, akatoka kwa kunyata. Mlango aliurudisha polepole, maana rangi ya fremu ilikuwa bado mbichi.