Tangazo Lililoshikwa na Uchungu

Usiku wa jana niliota tangazo la kazi limeletwa kwenye machela, limeshikwa na uchungu.

Nililitambua papo hapo, maana jioni nilikuwa nimelichana kwa hasira na kulitupa kwenye kikapu cha kuwashia mkaa. Lilitoka gazetini: Kituo cha Afya cha Isumbilo kinatafuta Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo. Awe Daktari mwenye shahada. Chini yake kulikuwa na nafasi nyingine, ya Tabibu. Sasa mimi ni Daktari Msaidizi. Nilisomea utabibu, nikafanya kazi, nikarudi chuoni nikasomea na upasuaji, na chuo chenyewe siku hizi hakifundishi tena kozi yetu. Niko juu ya Tabibu na chini ya Daktari. Kwenye tangazo, katikati ya hao wawili, palikuwa peupe tu. Nilichana palepale penye weupe.

Isumbilo ndiko nilikoanzia kazi nikiwa msichana, na nilitaka nimalizie huko. Mwisho wa kupokea maombi ni leo. Leo hiihii shemeji yangu anataka jibu kama nitakwenda kukaa kwenye duka lake la dawa mjini, niuze vidonge vya kichwa na sabuni.

"Kama hawajakutaja, Mama Gwamaka, unabembeleza nini?" mume wangu aliniuliza kabla hatujalala. Nikajifunika shuka hadi masikioni.

Na sasa lile tangazo liko mbele yangu kwenye machela, zima, tumbo limevimba mpaka herufi zimeachana. Tupo Isumbilo ya zamani, kabla ya umeme. Kuta za chokaa, majani ya mgomba yanagusa dirisha la wodi, kuna harufu ya spiriti na ya mvua iliyokatika sasa hivi. Niliipenda harufu ile, na nilikuwa nimeisahau kabisa.

"Uchungu umeanza lini?" nauliza.

Tangazo linageuza uso, linaiambia stendi ya dripu: "Mwambie huyo, watakaojibiwa ni wenye sifa tu."

"Anasema watakaojibiwa ni wenye sifa tu," inasema stendi ya dripu.

"Nimesikia. Uchungu umeanza lini?"

"Anauliza uchungu umeanza lini."

"Tangu nilipochapishwa," linasema tangazo. "Lakini asijue."

"Tangu alipochapishwa," stendi ikaniambia. "Lakini usijue."

"Sijui," nikasema, nikavaa glavu.

Nalipapasa tumbo. Mtoto amelala kwa upana, kichwa huku, miguu kule. Huyu hatoki bila kisu. Nikaiambia stendi imwambie mgonjwa tunakwenda chumba cha upasuaji, naye mgonjwa akaiambia stendi kwamba hana pingamizi mradi apasuliwe na mtu anayestahili.

Tunasukuma machela. Ukumbi wa kwenda chumba cha upasuaji una kibao: "Umri usizidi miaka arobaini na tano." Mimi hiyo nimeshaipita siku nyingi, lakini mgonjwa ni mgonjwa, nikaingia hivyohivyo. Kila ninapokanyaga, miaka inadondoka nyuma yangu na kugonga sakafu. Magoti yanaacha kuuma. Mvi zinarudi ndani. Nafika mwisho wa ukumbi nikiwa na kiuno na sare mpya iliyopigwa pasi kwa mkaa, na ile beji niliyopewa siku ya kuhitimu, ambayo mama yangu aliifuta kwa upande wa kitenge chake kila nilipokuja likizo. Nilitaka nisimame kidogo nijitazame, lakini tangazo lilikuwa linalia.

Mlango wa chumba cha upasuaji ukaniuliza, "Nani anaingia?"

"Daktari Msaidizi Subilaga Mwaikenda."

"Hao ni wawili," mlango ukasema. "Nimeagizwa Daktari. Yule wa nyuma abaki."

Nageuka. Nyuma yangu amesimama mwanamume mfupi wa makamo, kaptula ya kaki, ndala, karabai mkononi. Ametoka kwenye beji yangu. Pale alipokuwa ameandikwa pamebaki shimo.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Msaidizi," akasema. "Nimekuwa nyuma ya jina lako miaka yote. Hujawahi kugeuka."

Akapiga pampu, karabai ikavuma, halafu akageukia ukuta, akaunyoosha mkono wenye taa kwa nyuma. Hapo nikamjua. Mgongo ule ulikuwa wa Mzee Ambokile.

Hili la Mzee Ambokile halikuwa ndoto, lilitokea kweli. Mwaka wangu wa kwanza Isumbilo baada ya kusomea upasuaji, aliletwa mama mmoja, Sekela, mtoto amelala hivihivi kwa upana. Jenereta ilikuwa imekufa. Muuguzi alikuwa na kazi ya mikono yote miwili, mume wa Sekela alikuwa safarini, na mtu mzima pekee aliyekuwa pale kibarazani wa kunishikia taa alikuwa baba mkwe. Kwetu Unyakyusa baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia migombani mpaka mzee apite. Nikamwomba hivyohivyo, nikijua ninachoomba ni kikubwa. Mzee akafikiri kidogo. Kisha akaingia kinyumenyume, mgongo mbele, akasimama akitazama ukuta na kunyoosha karabai nyuma yake.

"Kushoto, baba. Juu kidogo. Hapohapo."

Taa ikakaa pale nilipotaka. Mtoto alipolia, mzee akauuliza ukuta, kwa kuwa hata jina la mkwewe halitamki: "Na yule mwingine?"

"Naye mzima, baba."

"Ndaga, daktari," akasema. Asante, daktari. Alikuwa amenipa mgongo tangu alipoingia, kwa hiyo beji yangu hakuisoma. Wakampa mtoto jina langu, kama ilivyo desturi pale kumpa mtoto jina la aliyempokea. Katika kazi yangu yote hakuna kitu kilichowahi kunifurahisha hivyo.

"Unaingia au huingii?" mlango ukauliza. "Mwache huyo, wewe utakuwa Daktari, basi. Kazi ni yako, nyumba ya mganga ni yako, na ile miti ya parachichi uliyoipanda ni yako."

Nitasema ukweli: nilimwacha. Parachichi zile nilizipanda kwa mikono yangu.

Ndani, tangazo liliponiona likanyanyua kichwa, likanisemesha lenyewe kwa mara ya kwanza. "Karibu sana, Daktari! Tumefurahi kupokea maombi yako!" Stendi ya dripu ikaonekana kuumia, maana haikuwa na kazi tena.

Mlango ukajifunga, na chumba kikawa giza.

Giza lenyewe si la kawaida. Nainua kisu, hakionekani. Nauinua mkono, siuoni. "Tuna imani kubwa na wewe, Daktari," linasema tangazo, linahema kwa shida. "Shahada yako iko wapi? Tuione." Hata ningekuwa nayo nisingeweza kuionyesha. Napapasa tumbo na kumsikia mtoto anachoka.

Nikapiga kelele: "Baba! Lete taa!"

"Nimeshasema abaki," mlango ukasema.

"Habaki. Yule ni wangu."

"Hataingia mtu hapa asiye Daktari."

Nikafungua mlango kidogo, nikanong'ona ukumbini: "Baba, njoo kama ulivyokuja siku ile."

Akaja kinyumenyume. Mlango ukauona mgongo wake, ukaona visigino vya ndala vinatangulia, ukajiridhisha. "Vizuri," ukasema. "Anatoka." Na ukamfungulia mpaka mwisho.

Karabai ikajaza chumba. Tangazo likaniona vizuri, na shimo kwenye beji likamwona vizuri mwenye nafasi yake.

"Mwambie huyo," tangazo likaanza tena, kwa stendi ya dripu.

"Mwambie atulie," nikasema. Stendi ya dripu ilifurahi kurudi kazini.

"Kushoto, baba. Juu kidogo."

Nikapasua. Ndani, kati ya Daktari na Tabibu, alikuwa amejikunja mtoto mwembamba wa mstari mmoja, wino haujakauka. Nikamshika miguu, nikamkung'uta, akalia. Ulikuwa mstari mzima, maneno manne: "au Daktari Msaidizi mzoefu." Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko umbo lake.

Nikashona kwa uzi mweusi. Nashona kama alivyonifundisha Sista Gotharda, aliyekuwa anatumia mkono wa kushoto na hakujua kufundisha kwa mwingine: fundo linaangukia kushoto, ncha ya uzi inafichwa chini ya mshono. Chuo kizima walinicheka kwa fundo lile, lakini halijawahi kufunguka. Sista alishafariki. Nilimkumbuka pale, katikati ya kushona, nikatamani aone.

Kutoka ukutani sauti ikauliza, "Na yule mwingine?"

"Naye mzima, baba."

"Ndaga, daktari."

"Msaidizi," nikasema. "Daktari Msaidizi."

Mgongo ukatikisika kidogo, kama mtu anayecheka bila kutaka aonekane. Na taa ikazimika.

"Mama Gwamaka." Mume wangu alikuwa ananitikisa bega. Kulikuwa kumekucha, jogoo wa jirani wamechoka kuwika. "Shemeji yuko kwenye simu. Anauliza unakuja lini dukani."

"Mwambie siji."

"Siji, ndiyo jibu?"

"Mwambie nimeshukuru sana, tena sana, ila siji. Kuna barua nataka kuipeleka Isumbilo kabla hawajafunga."

"Lakini hawajakutaja!"

"Nitajitaja mwenyewe."

Akaenda kumwambia mdogo wake, na nikamsikia kwa mbali akijitahidi kuipamba ile siji yangu. Mimi nikakaa mezani, nikaandika jina langu na cheo changu, vyote viwili, bila kufupisha. Nilipofika kwenye anwani nikakwama, kwa sababu anwani ilikuwa kwenye tangazo, na tangazo lilikuwa kikapuni.

Nikaenda kwenye kikapu cha mkaa nitafute vile vipande.

Hapakuwa na vipande. Tangazo lilikuwa moja. Limeshonwa kwa uzi mweusi, kuanzia ukingo hadi ukingo, palepale penye weupe kati ya Daktari na Tabibu.

"Baba Gwamaka, wewe umeshona hili gazeti?"

"Mimi?" akajibu kutoka uani, simu bado sikioni. "Hata kifungo si unanishonea wewe?"

Nikalipeleka dirishani. Mafundo yote yameangukia kushoto, na ncha za uzi zimefichwa chini. Nikaligeuza. Upande wa nyuma, pale ambapo mtu angelishika kama ameupa mshono mgongo, kulikuwa na alama ya dole gumba la mwanamume, nyeusi ya masizi. Nyumba hii ina umeme tangu Gwamaka hajazaliwa. Nikalinusa, linanukia mafuta ya taa.