Atakayesema Kwanza

...na kalamu ameshamwekea mkononi, si mezani, mkononi kabisa, kifuniko kimeshatolewa na ncha inaelekea chini penye mstari wa sahihi, na sasa binti wa usajili amenyamaza, ameegemea kiti chake, vidole amevifumbata juu ya meza, anatabasamu, na yeye anakijua kimya hicho kama anavyoijua njia ya kwenda jikoni kwake gizani, kwa sababu ni yeye, miaka tisa sasa, anayewafundisha wauzaji wapya wa cherehani pale dukani, ukishataja bei na ukishampa mteja kalamu funga domo, hata pua ikikuwasha usijikune, atakayesema kwanza amepoteza, halafu anawafanyisha mazoezi wawili wawili, wanatazamana machoni mpaka mmoja anacheka, na aliyecheka anawapelekea wenzake chai. Leo mteja ni yeye. Ama kweli, mkuki kwa nguruwe... Hatasema. Haanzi yeye. Wenzake wanamwita Sumaku, mteja akimsogelea tu amenasa, na leo Sumaku imenaswa na kipande cha karatasi, wangemwona wangecheka mpaka wakae chini, na karatasi yenyewe ni fomu ya kujiunga na chuo, kozi ya usimamizi wa mauzo, miezi tisa, cheti chenye mhuri unaong'aa, jina lake limeshajazwa kwa herufi kubwa na binti mwenyewe, maana hiyo nayo ni mbinu, mjazie mteja fomu asichoke njiani, mwachie sahihi tu, na yale maji baridi alipoingia, na "karibu dada yangu, umependeza", na kiti laini kinachokumeza hadi kuinuka ni kazi, na picha ukutani za wahitimu wanaorusha kofia juu, wote wanacheka, hakuna hata mmoja mwenye pengo, na "nafasi zimebaki tatu tu, dada, na punguzo la ada linaisha leo saa kumi." Tatu! Kwa nini huwa tatu? Mbili zinamtisha mteja, tano zinamlegeza, tatu ndiyo dawa yake, yeye mwenyewe amewahi kusema zimebaki tatu huku stoo kuna cherehani arobaini zinakula vumbi, anajua ni uongo, anajua umepikwa vipi na kwa moto gani, na bado moyo uliruka. Uliruka! Mganga hajigangi.

"Na hosteli, maji yanatoka?" Meza ya pili hapo, mbele ya kijana mwingine wa usajili, baba mmoja na binti yake, baba amevaa koti kubwa kuliko mabega yake. "Maana huyu wangu..." "Baba, jamani." "Niache niulize, ndilo lililonileta." ...barua, yeye Sumaku anachotaka ni barua ya kukubaliwa, basi, bosi wa duka alimwita ofisini, akajaribu kufunga ule mlango usiofungika tangu bawaba ilegee, akaushikilia kwa mguu, akasema, "Kiti cha meneja mauzo ni chako, mimi na wewe tunajua, lakini wakubwa wanataka mtu atakayekuwa na cheti ndani ya mwaka. Niletee barua ya chuo mwisho wa mwezi. Usipoleta nampa Kinanda, usije ukaninunia." Kinanda! Amemfundisha yeye, alikuwa hajui hata kutunga uzi kwenye sindano mbele ya mteja, wakamwita Kinanda kwa kuwa ukimgusa tu anapiga domo, leo ana stashahada ya sijui nini, na yeye aje amwite bosi, aje asimame mbele yake kuomba ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali... hapana, wallahi hapana, bora sahihi. Chuo hiki miezi tisa, kile kingine miaka miwili na nusu ya masomo ya jioni, kuna cha kuuliza hapo? Hata mume wake alisema jana, anasugua mikono kwenye beseni, gundi ya mabomba haitoki vidoleni mwake hata umsugue na mchanga, "Karatasi ni karatasi, mke wangu, nani atakuuliza umeitoa wapi? Chukua ya haraka tupumue." Tupumue, alisema, akaendelea kusugua, na yeye akafurahi kusikia, alifurahi mno, mbona alifurahi hivyo... "Na walimu wenu," baba wa koti anauliza, "wao wenyewe wamewahi kuuza nini?" Swali zuri hilo. Yeye hakuliuliza. Miaka tisa kwenye kazi hii na hakuliuliza.

Kile kingine alikwenda wiki iliyopita, madirisha mawili hayana vioo, ubao una ufa katikati, na mwalimu wa mauzo, mama mmoja mwenye mafua, leso mkononi, hakumpa maji wala hakumwambia amependeza, alimpa benchi, akamuuliza, "Niambie mteja mmoja uliyempoteza, na kosa lako lilikuwa wapi." Akacheka. "Mimi sijawahi kupoteza mteja, mwalimu," akasema, akangoja mwalimu acheke naye, na mwalimu akapiga chafya, akaandika kitu kwenye daftari, kitu kifupi, neno moja au mawili, akasema, "Muhula wa kwanza ni takwimu. Nusu ya wanaoanza hawamalizi. Nenda kafikirie, hakuna haraka." Hakuna haraka! Muuzaji gani huyo? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, dukani huwa wanataniana kwa methali hiyo kila asubuhi wanapotoka na cherehani za kuonyesha wateja kichwani, haya twendeni vibaya tukajitembeze, wanacheka, lakini siku ile hakucheka, alitoka na hasira, mpaka kituoni anajisemea peke yake, ana dharau yule mama, ana dharau, mtu mzima nimekwenda na miguu yangu ananiambia nusu hawamalizi, ananijua?

Binti bado anatabasamu. Hajapepesa. Kafundishwa vizuri, nani kamfundisha... Kiyoyozi kinampuliza shingoni na kwapa limelowa, kalamu inateleza, na anataka kusema kitu, chochote, hata "ehe", na kilichomjaa si mawazo, hafikirii chuo kabisa, hafikirii kozi wala walimu, anafikiria maji aliyokunywa, saa nzima ya mtoto wa watu, yale maelezo yote, anafikiria namna ya kuinuka kwenye kiti hiki bila kuonekana hana uwezo, bila binti kumkonyeza mwenzake akishatoka... aibu. Ni aibu hii, si kingine. Miaka tisa anawaambia wauzaji, ukinyamaza unampa mteja nafasi ya kufikiri. Kufikiri! Hakuna anayefikiri hapa, hapa mtu anatafuta mlango, basi ina maana hata yule fundi... hapana, fundi aachwe alipo, fundi hahusiki na hili... fundi wa sare za shule, kibarazani kwake, cherehani yake ya miguu imelika rangi pale anapoweka kiganja, na mkewe pembeni anapiga pasi kola, na yeye asubuhi nzima amewaonyesha ile mashine ya umeme, tazama mshono, mzee, tazama ulivyonyooka, kola hamsini kwa siku utakuwa unashona, kisha bei, kisha kalamu, kisha kimya, na fundi akaitazama mashine, akamtazama mkewe, akaitazama miguu yake mwenyewe, na yeye anahesabu moyoni, moja, mbili, anasema anafikiria huyu, mwache, alipofika ishirini na sita fundi akasaini, na jioni dukani wakampigia makofi. Alikuwa anatafuta mlango tu, mzee wa watu. Baada ya miezi akapita pale, mashine imefunikwa shuka, juu yake pametandazwa mafungu ya vitambaa, ina kasi kuliko mikono yake, inamvuta, ilimshona kidole, na fundi yuko kwenye ile ya miguu, akainuka, akampangusia kiti, "Karibu mwanangu! Mashine yako nzuri sana ile, tunaipumzisha tu." Tunaipumzisha. Yeye aliyeuziwa ndiye anayemfariji aliyemuuzia, na mkewe hakuinua kichwa kwenye pasi, na tangu siku ile yeye hupita njia ya nyuma, yenye tope, akiulizwa husema huku kuna kivuli. Kwenye ubao wa duka fundi ni tiki, mauzo yamekamilika. Halafu unamwambia mwalimu sijawahi kupoteza mteja, na kucheka juu yake.

"Basi," anasema baba wa koti, "acha turudi nyumbani tukaongee na mama yake." "Lakini mzee, punguzo linaisha leo." "Liishe tu, mwanangu, mengine yatakuja. Choo kiko wapi?" Na anainuka. Hivyo tu, anainuka, anashikana mikono na yule kijana wa mezani, anamshukuru, binti yake anakimbilia nje kwa haya lakini yeye anakwenda taratibu, anasoma vibao, na maji alikunywa, glasi mbili, alimwona kwa macho yake. Kumbe inawezekana. Kumbe kiti hakina gundi. Basi aibu siyo inayomkalisha hapa, aibu angeibeba mpaka mlangoni akaiacha barabarani, amewahi kubeba kubwa zaidi, kuna kitu kingine kimekaa chini yake, na anakijua, amekuwa akikijua tangu asubuhi alipochagua viatu hivi. Alijua watamsukuma. Kipeperushi tu kilimwambia, mtu wa kazi hii hakosi kuona, na akaja, akapiga na manukato, alikuja kuuziwa. Asukumwe, ili siku akikwama mbele ya wauzaji kumi na wawili, mmoja amemuuliza, meneja, hapa mauzo yanashuka kwa nini, naye hawezi kuusoma mchoro, awe na wa kumlaumu, aseme chuo chenyewe kilinidanganya. Mwanamke wa miaka thelathini na minane anaogopa takwimu! Yule yule msichana aliyekunja karatasi ya matokeo ili mama yake asione mstari wa hesabu, na mama akaikunjua, akautazama, akaikunja tena pale pale ilipokuwa imekunjwa. Anaogopa, ndiyo. Anaogopa kukaa kwenye benchi lile na watoto wa miaka ishirini, anyooshe mkono aseme sielewi, anaogopa kumsimulia yule mwalimu mwenye mafua habari za fundi mwanzo mpaka mwisho bila kuzipamba, na Kinanda atakikalia kile kiti, hilo nalo ni kweli, atakizungusha zungusha mbele za watu, na yeye Sumaku atamwita bosi kila asubuhi na itauma, itauma hasa, wala hajui kama yeye yuko katika nusu inayomaliza au ile nyingine... lakini usiku atalala anajua alichochagua. Saa ya ukutani imesogea dakika, pengine mbili. Kiyoyozi kinapuliza, fomu iko pale pale, na binti anatabasamu, maskini, amekaza shingo, anahesabu moyoni bila shaka, hajui kwamba mteja wake ameshaondoka.